Mungu Aliisikia Sauti ya Mtoto

Somo: Mwanzo 21:8-21 na Mwanzo 25:7-10



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko hapa kambini, na ninyi ndugu zetu mliobaki Bwera, Mpondwe na Kasese mjini, ambao gazeti hili dogo linawafikia mikononi mwa wasafiri. Tunamshukuru Mungu ambaye ametulinda hata leo.

Mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo linaloletwa mbele ya wazee kuliko mengine yote, nalo ni watoto ambao baba na mama yao hawakai tena pamoja. Mnakumbuka tulivyovuka mpaka wa Mpondwe. Wengi tulivuka na jamaa nzima, tukiwa na godoro, sufuria na watoto mgongoni. Baadaye wengine tulipandishwa magari kwenda Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali. Wengine walibaki Bwera kwa jamaa zao, kwa maana Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni watu wa lugha moja. Baba akasema, "Nitatafuta kazi kwanza, nitawafuata." Akabeba mizigo soko la Mpondwe, au akachota chumvi Katwe, au akapata kibarua Kasese. Mama akabaki kambini na watoto. Njia ikawa ndefu, simu ikanyamaza, na huko ng'ambo nyumba ya pili ikajengwa. Mara nyingine ni mama aliyeondoka, na baba ndiye aliyebaki na watoto. Sasa maswali yanakuja. Watoto ni wa nani? Nani awalishe? Je, yule mwingine aruhusiwe kuwaona?

Kwanza tunaungama

Kabla ya kuwafundisha, imetupasa sisi wazee kuungama. Mama mmoja alikuja kwetu akilia. Mume wake alikuwa Bwera, na alikuwa na mwanamke mwingine huko. Watoto walikuwa watatu. Tulimwambia, "Mama, omba na uvumilie. Mkristo hampeleki mwenzake kwenye sheria." Tukamfungulia barua ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya sita. Mwaka ukapita, wa pili ukafika. Mtoto mkubwa akaacha shule, akaenda kulima mashamba ya watu.

Siku moja yule baba akaja, na gunia la samaki wakavu na chumvi. Mama alipomwona mbali akawaficha watoto kwa jirani. Sisi tuliposikia tulimsifu. Tulisema, "Vema, na yeye aonje uchungu." Yule baba aliketi mpaka jioni, akaacha gunia mlangoni, akarudi zake. Watoto walikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, wanasikia sauti yake na hawakutoka. Jumapili iliyofuata yule mdogo alimwuliza mmoja wetu, "Mzee, mimi nilikosa nini hata nikafichwa?"

Hatukuwa na jibu. Mara ya kwanza tulimnyima mtoto chakula kwa jina la uvumilivu. Mara ya pili tulimnyima baba yake kwa jina la haki. Mara zote mbili tulisikiliza wakubwa tu. Bwana atusamehe, na yule mtoto atusamehe.

Hajiri jangwani

Neno la Mungu linatuambia kwamba Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamweka begani, akamwachilia yeye na mtoto. Hajiri akatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Ndugu, sisi tunalijua jangwa hilo. Mama mgeni, asiye na nchi, mtoto mkononi, na chakula cha siku moja.

Tuangalie hayo maji. Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo. Maandiko yanasema jambo lile lilimhuzunisha sana kwa ajili ya mwanawe. Alimpenda. Lakini huzuni haikujaza kiriba, na maji yakaisha. Akina baba wengi huko Bwera wanahuzunika usiku kwa ajili ya watoto wao, nasi tunaamini hivyo. Lakini mtoto hanywi huzuni ya baba yake.

Mtu atasema, "Mbona Mungu mwenyewe alimruhusu Ibrahimu?" Ndiyo, lakini Mungu aliahidi kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye atakayemtunza kijana yule na kumfanya taifa. Wewe hukupewa ahadi hiyo ili uache wajibu wako. Paulo anamwambia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8).

Maji yalipoisha, Hajiri alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa, akalia kwa sauti. Hapa ndipo tunapowaomba msimame. Mama ndiye aliyelia kwa sauti kuu, lakini imeandikwa kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Hata jina la Ishmaeli maana yake ni kwamba Mungu husikia. Mungu hakuanza kwa kuuliza nani alimkosea nani kati ya Sara, Hajiri na Ibrahimu. Alianza na mtoto aliyekuwa na kiu. Akampa mama kazi ya kumwinua na kumshika mkono, akamfumbua macho, naye akaona kisima.

Basi nasi tuanze pale Mungu alipoanza. Kuna madeni matatu ambayo mtoto anawadai wazazi wake: mahali pa kukaa kwa usalama, chakula na matunzo, na uso wa baba na wa mama. Haya ni madeni ya mtoto. Si biashara ya baba na mama, ya kwamba nipe hiki nikupe kile. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika nyumba zetu nyasi ni watoto wetu.

Maswali mnayotuletea

Sheria ya nchi hii inakubaliana na jambo hilo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tumekusanya hapa maswali yenu, na tunajibu kwa kadiri ya Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, na Katiba ya 1995.

*"Sisi ni wakimbizi. Je, tunaweza kwenda mahakamani?"* Ndiyo. Mapatano ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi, kifungu cha 16, yanampa mkimbizi njia ya kufika mahakamani, na Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, awe wa Kasese au wa Beni.

*"Nilitoa mbuzi zote za mahari. Je, watoto si wangu?"* Ni wako, na ni wa mama yao pia. Mbuzi walikuwa heshima kwa wazazi wa binti, hawakununua watoto. Na ninyi wajomba mnaomzuia mtoto kwa sababu mahari haijaisha, mnamfanya mtoto rehani. Tena tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Basi mama asifungwe katika nyumba ya mapigo kwa sababu kaka zake hawana mbuzi wa kurudisha.

*"Mtoto atakaa na nani?"* Sheria haisemi kwamba ni wa baba kwa sababu ni baba, wala wa mama kwa sababu ni mama. Katiba inawapa wote wawili haki na wajibu wa kulea. Hakimu akiletewa jambo hili anatanguliza ustawi wa mtoto. Anaangalia umri wake, mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya shule, mabadiliko yatamletea nini, kama amepata madhara au yuko hatarini, na mtoto mwenyewe anapenda nini kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Angalieni, hakimu anaagizwa kuisikia sauti ya mtoto.

*"Hatukufunga ndoa kanisani wala serikalini."* Mtoto hakuulizwa kama mtafunga. Wajibu wa mzazi hautokani na cheti cha ndoa. Mtu akikana kwamba mtoto ni wake, mahakama inaweza kuombwa itamke nani ni mzazi. Kanisa litaendelea kufundisha ndoa takatifu, lakini halitamwadhibu mtoto kwa dhambi ya wazazi.

*"Matunzo ni kitu gani hasa?"* Sheria inataja chakula cha kutosha, mavazi, malazi, matibabu, chanjo na elimu. Mama anaweza kuomba amri ya matunzo dhidi ya baba, na baba aliyebaki na watoto anaweza kuiomba dhidi ya mama. Hata mlezi, kama bibi au shangazi, anaweza. Tangu 2023, PAM ilipoanza kugawa msaada kwa makundi ya uhitaji, sahani za nyumba nyingi zimepungua. Asiwepo mzazi wa kusema, "Watoto wangu wanalishwa na PAM."

*"Sina mshahara, nitatoa nini?"* Toa katika kile ulicho nacho. Mahakama nayo huangalia uwezo wa mzazi. Kuna baba wa Katwe anayetuma chumvi kila mwisho wa mwezi, na mama anaiuza sokoni kwa kipimo. Kidogo kinachokuja kila mwezi ni bora kuliko gunia moja baada ya miaka miwili. Hata kiriba cha Ibrahimu kilijaa siku ile ya kwanza.

*"Hatoi kitu. Nimzuie asiwaone watoto?" Na mwingine anasema, "Ananizuia kuwaona. Niache kutuma?"* Haya ndiyo maswali mawili yanayoumiza watoto zaidi, na jibu ni moja: hapana. Mwenye kuzuia chakula hamfungi mama, anafunga tumbo la mtoto. Mwenye kuzuia macho hampigi baba, anapiga moyo wa mtoto. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto ya mwaka 1989, kifungu cha 9, yanasema kwamba mtoto aliyetengwa na mzazi ana haki ya kuendelea kumwona na kuwasiliana naye, isipokuwa jambo hilo litamdhuru. Asiyetoa apelekwe mbele ya wenye mamlaka. Anayezuiwa naye aende huko huko. Mtoto asifanywe fimbo ya kumpigia mwenzako.

*"Na kama yule mwenzangu ni mpigaji?"* Hapa tunasema wazi. Hatumwambii mama yeyote, wala baba yeyote, ampeleke mtoto kwa mtu anayempiga au kumharibu. Uganda ina Sheria ya mwaka 2010 juu ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda mtu. Kama ni lazima waonane, waonane mahali penye watu na mbele ya afisa. Tena mtoto akinajisiwa, jambo hilo haliketishwi na wazee wala halimalizwi kwa mbuzi. Linapelekwa polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Mzee wa kanisa atakayelificha atakuwa mshiriki wa dhambi ile.

*"Anataka kumvusha mtoto Mpondwe kwenda Kongo," au, "Ameandika watoto kwenye fomu ya kwenda nchi za mbali bila mimi."* Usimvushe mtoto mpaka kwa siri. Huko nyuma kuna vita, na mtoto aliyepotea katika vita si rahisi kupatikana. Ukisikia mpango wa namna hiyo, mwambie polisi na HCR mapema, kabla hajapanda gari. Kama mtoto amekwisha kupotezana na mzazi wake, Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa. Kwa habari ya safari za nchi za mbali, sema kweli mbele ya HCR kwamba mzazi mwingine yupo. Wengi husema "amekufa" ili jambo liende haraka. Siku ile "marehemu" anapopiga simu, faili linasimama, na mtoto anajifunza kwamba mama yake au baba yake alizikwa kwa uongo.

Njia ya kufuata

Kwanza, mkae pamoja, na mashahidi wa pande zote mbili. Mkipatana, andikeni: mtoto analala wapi, nani analipa shule, nini kinatumwa na tarehe gani, na siku gani za kuonana. Kwa mfano, likizo za shule Bwera na siku za masomo kambini, au simu kila Jumapili jioni baada ya ibada. Kila mmoja aweke nakala.

Pili, kama hamkupatana, nendeni kwa kamati ya wakimbizi au kwa mwenyekiti wa LC. Halmashauri ya kijiji ina mtu wa kushughulikia mambo ya watoto, na sheria inaipa kazi ya kuwalinda. Polisi nao wana kitengo cha mtoto na familia. Kuna pia afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, yule mnayemwita probesheni. Mzazi mwingine akiwa Bwera au Kasese, mwombeni awasiliane na mwenzake wa huko.

Tatu, kuna Mahakama ya Familia na Watoto, mbele ya hakimu. Sisi wazee tunaweza kupatanisha, na kamati inaweza kushauri, lakini amri ya kumlazimisha mtu inatoka mahakamani. Amri ikivunjwa, rudini mahakamani, msiende kupigana.

Chukueni kadi ya jamaa ya OPM, cheti cha kuzaliwa au karatasi ya kliniki, risiti za shule, na ujumbe wa simu wa pesa zilizotumwa. Kama kadi ya jamaa iko kwa mzazi asiyekaa na watoto, elezeni OPM na HCR ili jambo lile liangaliwe. Wala usimpe pesa mtu anayesema atakununulia hukumu.

Na lile neno la Paulo kwa Wakorintho? Tulilitumia vibaya. Paulo aliwakemea ndugu waliokuwa wanadhulumiana na kushtakiana kwa mambo ya maisha haya, naye aliwaambia ni heri mtu akubali kudhulumiwa yeye mwenyewe. Hakusema ni heri akubali mtoto wake adhulumiwe. Paulo mwenyewe, alipoona hatapata haki, aliomba rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11).

Maneno ya mwisho

Akina baba, hasa ninyi mlioko ng'ambo ya milima hii: piga simu. Usingoje mpaka uwe na kitu kikubwa. Aibu ya mkono mtupu imewapoteza akina baba wengi kuliko ubaya wa moyo. Na ukija, njoo mchana, utoe habari kwanza, usije na kelele.

Akina mama, tunajua mzigo wenu, na hatuwaambii tena mvumilie njaa. Lakini msimseme vibaya baba mbele ya mtoto wake. Mtoto akisikia kila siku kwamba baba yake ni takataka, atajiuliza yeye ametoka wapi.

Mama wa kambo na baba wa kambo, mtoto uliyemkuta nyumbani si mshindani wako. Kumbuka Yusufu wa Nazareti alimlea nani.

Na sisi kanisa, tumeamua hivi. Kila jambo la namna hii likiletwa, swali la kwanza la wazee litakuwa: mtoto amekula, yuko salama, anasoma? Na mama wawili wataketi pamoja na wazee, kwa maana baraza la wanaume peke yao lilitupoteza.

Tunamaliza kwa jambo ambalo wengi hulipita wanaposoma. Katika Mwanzo 25 Ibrahimu anakufa, amejaa siku. Nani waliomzika katika pango la Makpela? Wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli. Ishmaeli alikuja! Yule aliyetolewa na kiriba kimoja cha maji alisimama kaburini kwa baba yake, bega kwa bega na ndugu yake. Biblia haituambii nani alimpa habari, wala mama yake alimwambia nini miaka yote ile. Lakini njia ya kurudi kwa baba haikuwa imefungwa moyoni mwake.

Ndugu zetu, tutazeeka. Vita vitakwisha, au tutazikwa katika nchi hii ya wenyewe. Siku ile watoto wetu watakuja au hawatakuja, na njia ya kuja kwao tunaitengeneza sasa.

Tuombe. Ee Mungu usikiaye, usikie sauti za watoto walioko kambini, Bwera na Kasese. Walainishe baba, wape nguvu mama, utufumbue macho tuone kisima kilicho karibu. Utusamehe sisi wazee tuliokuwa viziwi. Kwa jina la Yesu. Amina.

Yule mama tuliyemtaja ametupa ruhusa ya kuandika habari yake. Yeye na baba wa watoto hawakurudiana, lakini wameandikiana karatasi. Mtoto mkubwa amerudi shuleni. Likizo iliyopita wote watatu walikwenda Bwera kwa baba yao, wakarudi na samaki.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.

Ni sisi wenzenu, Wazee na Mama wa Kanisa.